Waya wa Jirani

Fundi wa sola aliingia na daftari lake akaanza kuhesabu ampuli zetu, zile taa za umeme, kabla hata hajakaa. Sebuleni mbili, chumbani moja, kwa watoto moja, uani moja, na ile inayoning'inia juu ya cherehani yangu. Kisha akatoka nje. Akautazama waya unaotoka kwenye nguzo na kuingia kwenye bati letu, akautazama na waya wa pili, ule ulioanzia kwenye kona ya bati hilohilo, ukapita juu ya ua na kuishia nyumba ya jirani.

"Mama, na hii inaenda wapi?"

"Kwa mama mudogo."

"Kule kuko ampuli ngapi?"

"Mbili. Na priizi moja ya kuchomekea."

"Niziandike na zenyewe?"

Nilimwambia asiziandike. Nilijibu haraka mno, kama mtu ambaye jibu hilo lilikuwa limemkaa mdomoni siku nyingi, na ni kweli lilikuwa limekaa. Mume wangu, ambaye ni mwalimu, alikuwa amekaa kizingitini na faktura za mwaka mzima, zile bili za umeme, magotini. Aliinua kichwa akanitazama. Akinyamaza hivyo huwa nataka kumrushia kiatu.

Ngoja kwanza nieleze umeme wa mtaa wetu, maana hapa Kindu kila mtaa una hadithi yake. Sisi hatuna mita. Kuna mfanyabiashara mmoja mwenye mashine kubwa ya umeme inayokula mazutu, yaani dizeli, nyuma ya soko. Anaiwasha jioni giza linapoingia, anaizima watu wanapokwenda kulala, siku zile ambazo mazutu yamefika. Kila nyumba ina fishi yake, kadi yenye jina la nyumba, ofisini kwake, na kwenye fishi wameandika ampuli ngapi na priizi ngapi. Unalipa kile kilichoandikwa. Uwashe, usiwashe, mashine ife wiki mbili nzima, mwisho wa mwezi faktura inakuja vilevile.

Hilo nililijua tangu usichana wangu, lakini kulijua na kulielewa ni mambo mawili. Faktura ilipopanda mara ya pili katika mwaka mmoja, nilianza vita na swichi. Nilizima ampuli ya uani watoto wakiwa bado wananawa. Nilimfokea mume wangu kwa kusahihisha madaftari chini ya taa mbili wakati macho anayo mawili tu. Mwezi mzima tuliishi tukipapasa kuta. Mwisho wa mwezi faktura ikaja, na haikupungua hata kidogo. Mume wangu aliiweka mezani, akasema kwa ile sauti yake ya darasani kwamba mwenye mashine hauzi umeme, anauza ile karatasi, na karatasi haijui kama tumekaa gizani. Watoto walicheka. Mimi nilikwenda kulala bila kula.

Ndipo wazo la sola likaniingia. Nilikuwa nimeziona pano, vile vioo vya jua, kwenye maduka ya barabara kubwa, zimeegemezwa ukutani kwa ukubwa tofauti. Mume wangu alichukua daftari akaanza hesabu zake. Pano moja inaweza kubeba ampuli zetu, simu, na mota ndogo ya cherehani. Pasi ya umeme hapana, friji hapana. Nibaki na pasi yangu ya makaa. Masika yanapofika na mawingu kukaa juu ya mto siku tatu mfululizo, tuwashe ampuli moja tu. Bateri nayo ina umri wake, itakufa siku moja. Na zaidi ya yote, faktura ya mashine haitapungua kwa kuwa tuna jua juu ya bati. Itaondoka tu kama tutaandika barua kuomba tukatwe kabisa.

Kisha akaandika hesabu nyingine pembeni, ndogo, kwa penseli. Akaisukuma mbele yangu.

"Tukiondoa tu za mama mudogo kwenye fishi," akasema, "faktura tunaiweza. Hatuna haja na pano."

Nilimrukia. Nilimuuliza kama ana akili, kama anataka mimi nimkate mama mdogo, kama angethubutu kusema neno hilo ndani ya nyumba hii mama yangu akiwa hai. Nilipiga kelele mpaka nadhani jirani mwenyewe alisikia, ingawa hakujua ni nini. Mume wangu akakunja daftari. Hakuwa amesema kitu chochote ambacho mimi sikuwa nimekifikiria miaka miwili.

Kwa damu mama mdogo si ndugu yetu. Yeye anaswali, sisi tunakwenda misa. Wakati wa vita nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, naye alikuwa bi harusi wa juzijuzi, mume wake kaondoka na baiskeli kwenda upande wa Kibombo kutafuta chumvi na hakurudi tena. Mji ulikuwa umefungwa. Wanajeshi walikuwa ndani, wapiganaji walikuwa porini, na sisi tulikuwa katikati na vyungu vitupu. Treni haikuja. Baiskeli za mchele hazikuja. Mashamba yetu yalikuwa kwenye njia ya Kailo, na aliyekwenda kuchimba muhogo alikuwa anaaga kama mtu anayekwenda safari ndefu. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi mpaka ulimi ukasahau.

Kiberiti nacho kilikwisha mjini. Nyumba nzimanzima zilikaa bila moto, kwa sababu ukizimika hakuna cha kuuwasha tena. Mama mdogo ndiye aliyeutunza. Alikuwa na kisiki kikubwa jikoni kwake, anakifunika majivu, anakifunua asubuhi, anapuliza. Asubuhi wanawake wa mtaa walikuja kila mmoja na kigae cha chungu kilichovunjika, wanapewa kaa moja la moto, wanakwenda mbio kabla halijafa. Hakumnyima mtu. Sisi hatukuhitaji hata kigae, kwa sababu mama yangu alikuwa ameacha kupika kwetu. Jiko letu na la kwake yalikuwa yamekuwa moja, chungu kimoja, na kwa miezi ile sikujua vizuri nyumba yetu inaishia wapi.

Siku moja mchana wanajeshi waliingia mtaani, nyumba baada ya nyumba. Mama yangu alikuwa mtoni. Mama mdogo alinishika mkono akanisukuma nyuma ya kuni zilizopangwa jikoni, akanifunika gunia, akakaa juu ya kigoda mbele yangu. Alikuwa amebandika chungu cha maji matupu. Askari aliinama mlangoni akauliza nani mwingine anakaa hapa. Akamjibu kwamba anakaa peke yake. Askari akafunua chungu, akaona maji, akauliza anapika nini. Moshi wa kuni mbichi ulikuwa unaniingia kooni na nilijua kwamba nitakohoa, hakuna namna. Nikakohoa. Wakati uleule yeye akaanza kukohoa, kwa nguvu, mfululizo, ameshika kifua, anatema mate chini, mpaka askari akarudi nyuma akisema huyu mwanamke ana kifua kibaya. Wakaondoka. Aliendelea kukohoa muda mrefu baada ya wao kuondoka, kwa sababu mimi nilikuwa bado sijamaliza.

Vita vilipopita na mwenye mashine alipoanza kuvuta nyaya mtaani, mama yangu aliuza vitambaa vyake vizuri akalipia nguzo. Fundi alipomaliza kufunga ampuli zetu, mama alimwambia asishuke kwanza. Akamwonyesha nyumba ya pili. Zile ampuli mbili na priizi moja ziliandikwa kwenye fishi yetu siku hiyohiyo, na mama mdogo hakuwahi kuombwa hata senti. Alileta sombe iliyotwangwa vizuri, alileta mawese, alikaa na wanangu nikiwa sokoni. Mama yangu alipokuwa anaumwa mara ya mwisho, aliniambia mambo mengi kuhusu cherehani na mambo machache kuhusu watu. Moja lilikuwa hili: "Ile waya ya mama yako mudogo, usiiguse."

Sasa mnaelewa kwa nini nilimpigia kelele mume wangu. Lakini kuna kitu sijakisema. Miaka miwili ya karibuni mama mdogo alianza kuchaji simu za watu. Alinunua ubao wenye matundu sita, akauchomeka kwenye ile priizi, na kila jioni watu walipita mbele ya dirisha langu wakiwa na simu zao, wakitoka na kuingia. Walimlipa. Mimi nimeinama juu ya cherehani na nguo ya bi harusi, fyuzi inaruka, nyumba inakuwa giza katikati ya mshono, na kwa jirani nasikia watu wanacheka wakisubiri umeme urudi. Nilihesabu zile simu. Ninaona aibu kuandika hivyo, lakini nilizihesabu kila jioni, na kila moja niliiweka moyoni. Sikumwambia neno. Nilimsalimia asubuhi kama kawaida, nikamuuliza ameamkaje.

Kwa hiyo fundi aliponiuliza kama aziandike za mama mdogo nami nikasema hapana, nilijua ninachofanya. Kumfuta mama mdogo kwenye fishi kungekuwa kumkata, na mtaa mzima ungesema nimemkata. Lakini kama sisi wenyewe tunahamia kwenye jua, waya unakatwa tu, ni mambo ya ufundi, hakuna mkosaji. Watu wengi walinisifu kwa akili ya kununua sola ili kuondokana na faktura. Mimi nilikuwa natafuta mlango wa kutokea bila kuonekana natoka.

Pano ilipanda juu ya bati mwanzo wa kiangazi. Nililipa kwa fedha za sare za shule nilizoshona miezi minne. Jioni ya kwanza ampuli ziliwaka nyeupe kabisa, cherehani ikaimba bila kukatika, na mume wangu, aliyepinga mpaka dakika ya mwisho, alisahihisha madaftari yote kwa mara moja akasema sawa, ameshindwa. Nilifurahi. Ilikuwa furaha ya kweli, sitaikana. Mama mdogo mwenyewe alikuja kutazama, akasimama chini ya ampuli akishangaa, akasema, "Mungu iko mukubwa, mwanangu. Sasa hata mashine ikikufa utashona tu." Nilimpa kiti na chai. Ilikuwa nafasi ya kumwambia. Nikamuuliza habari za mguu wake.

Mume wangu aliandika barua ya kuomba tukatwe. Alipomaliza alinipa kalamu nitie sahihi mimi, kwa sababu nguzo ilikuwa ya mama yangu. "Umemwambia?" akauliza. Nikasema nitamwambia. Ofisini kwa mwenye mashine walipokea barua, wakasema watakuja Alhamisi.

Jumatatu nilivuka ua nikamkuta anatwanga sombe. Nilishika mchi nikamsaidia, tukaongea juu ya bei ya samaki, na kila nilipofungua mdomo kuanza, maneno yaligeuka yakawa juu ya kitu kingine. Jumanne alinitumia bakuli la ile sombe. Niliila, bakuli nikamtuma mtoto alirudishe. Jumatano nilishinda dirishani nikimwangalia anafagia ua wake, anafua, anakaa kivulini kupumzisha mguu, na kila nafasi niliipa sababu: sasa anaswali, sasa ana mgeni, sasa amechoka. Jioni ile simu zilikuja kama kawaida. Nilimwambia mume wangu kwamba nitamwambia asubuhi mapema. Aligeukia ukutani, na mara hii sikuwa hata na hamu ya kiatu.

Asubuhi nilikuwa bado naoga niliposikia ngazi inaegemezwa ukutani. Nilijifunga kitenge nikatoka na maji mgongoni. Mtu wa mashine alikuwa ameshapanda, koleo mkononi, na mwenzake chini ameshika ngazi. Watu walikuwa wameanza kusimama njiani. Hapa kwetu ngazi ikiegemezwa kwenye nyumba ya mtu, kila anayepita anajua maana yake: huyu ameshindwa kulipa. Wengine walijifanya wanafunga kamba za viatu ili waone vizuri.

Ndipo nilipomwona mama mdogo. Alikuwa anavuka ua akikimbia, na mguu ule haukimbii. Kilemba kilikuwa kimemwangukia mabegani. Mkononi alikuwa ameshika fundo la kitenge, anajaribu kulifungua kwa meno huku anakuja.

"Baba, shuka! Shuka kwanza! Deni yao iko ngapi?"

"Mama, rudi nyuma, utaangusha ngazi."

"Mimi naulizia deni! Huyu mutoto njo anashonea watu, watoto wake wanakula na hii kuran ya mashine. Mukikata leo, kesho atafanya nini?" Fundo likafunguka. "Kamata hii. Nilikuwa naweka kidogo kidogo, nilijua iko siku mutakuja kutukata siye wote. Kamata! Kama haitoshi, jioni nitaleta ingine."

Alikuwa anamnyooshea noti yule mtu juu ya ngazi, kwa mikono miwili, na hazikumfikia. Nilizijua noti zile. Ndogo ndogo, laini kwa kushikwashikwa, nyingine zimegandishwa kwa selotepu. Ni noti ambazo watu hulipia kuchaji simu. Miaka miwili mimi nilikuwa nazihesabu kama za kwangu zilizoibwa, naye alikuwa anazifunga kwenye kitenge akingoja siku nitakaposhindwa.

Mtu wa mashine alimtazama, akanitazama mimi. Alikuwa mtu wa heshima, alishusha sauti, lakini kila mtu alisikia.

"Hawana deni, mama. Ni wao wenyewe njo wameomba tukate. Barua iko huku."

Mama mdogo aliteremsha mikono.

"Ni kweli, mwanangu?"

"Ni kweli, mama mudogo. Kwa sababu ya jua. Nilikuwa nataka kukuambia."

"Ulitaka kuniambia siku gani?"

"Jana."

"Jana nilikuwa hapa uani siku muzima."

Mimi, ambaye mtaa mzima unajua mdomo wangu, nilisimama na maji yananichuruzika miguuni. Mume wangu alitoka mlangoni akasema polepole, "Mwambie ashuke. Tutaendelea kulipa na mashine, basi." Ilikuwa bado inawezekana. Neno moja tu. Niliwatazama wale watu njiani, nikaona jinsi watakavyosimulia kwamba mshonaji ameita watu wa mashine akawafukuza, kwamba amenunua jua na bado analipa mazutu. Nilifikiria pia faktura, siwezi kudanganya, niliifikiria hata pale. Na nikiwa bado nafikiria, mama mdogo alisema yeye.

"Basi kata, baba. Usikae huko juu bure. Mwenyewe ameshasema."

Alikusanya noti zake, moja ilikuwa imeanguka akainama kuiokota, akazifunga tena kwenye fundo bila haraka. Waya ulikatwa upande wetu, ukaanguka juu ya ua na juu ya bati la jikoni lake. Watu wakaendelea na safari zao. Mimi nilirudi kumalizia kuoga, na huko ndani nililia mpaka mtoto wangu mkubwa akagonga mlango.

Mchana nilimwita yule fundi wa sola, nikamuuliza inagharimu nini kuongeza bateri ya pili na kuvuta ampuli mbili kwa jirani. Akasema inawezekana. Sikubishana bei, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mama mdogo alipotokea mwenyewe mlangoni kwangu. Alikuwa ameuvua ule waya wote ukutani kwake, ameufuta vumbi, ameuzungusha vizuri ukawa duara, ameufunga kwa kamba ya mgomba.

"Hii ni yenu," akasema. "Usiitupe, waya iko bei siku hizi."

Nilimwambia juu ya bateri ya pili. Niliongea mbiombio, nikamwambia ampuli zitakuwa nyeupe kuliko za mashine, na hata simu ataendelea kuchaji, mchana kutwa akitaka, na kwamba fundi ameshakubali kuja. Nikamwambia anisamehe. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akanitengenezea kola ya gauni iliyokuwa imejikunja, kama anavyofanya tangu nikiwa mdogo.

"Asante, mwanangu. Acha tu. Kila muntu na nyumba yake."

Alisema bila hasira yoyote, akaniaga vizuri, akavuka ua kurudi kwake na mguu wake ule. Heri angenitukana.